Mwita Pori wa Lihami

Ukiipita Namawala ukashika njia ya mbugani, kiangazi ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na masika Mungu ndiye ajuaye, utafika Lihami. Ni kijiji cha mpunga. Kila familia ina nyumba mbili: ya kijijini, yenye mlango wa mbao na rozari ukutani, na ya shambani, yaani dungu la miti lililoinuliwa juu ya nguzo. Mpunga unapoanza kuchanua, watu huhamia madunguni na watoto na kuku na sufuria, wakae na mpunga wao kama mtu anavyokaa na mgonjwa. Ndege wana siku zao, mafuriko yana mwaka wake, lakini nguruwe pori hana likizo.

Hapo ndipo alipozaliwa Dionisi. Mungu alipokuwa akigawa, alimpunguzia nyama mwilini akamwongezea sauti. Alikuwa mrefu, mwembamba kama ufito wa dungu, na akiita upande huu wa mto, wa ng'ambo waliacha makasia wakamsikiliza. Kanisani padri alimwomba asimame nyuma, wengine nao wasikike.

Sauti hiyo aliirithi kwa baba yake, na pamoja nayo alirithi kazi. Baba yake alikuwa mwita pori.

Wandamba, wenyeji wa upande ule, waliwinda nguruwe kwa mbwa, na msako ulikuwa na taratibu zake. Wanaume wenye mikuki walikizunguka kichaka cha matete kwa mbali, wakaenda kujipanga ng'ambo yake. Upande wa huku alibaki mtu mmoja na mbwa wote kwenye kamba, mbwa waliovikwa shingoni njuga za mti zilizochongwa kama vikombe viwili vinavyobusiana. Mtu huyo, kabla hajafungua kamba, alisimama kwenye mdomo wa kichaka akaita mara tatu:

"Mwenye jembe, toka! Mwenye kuni, toka! Mwenye mtoto mgongoni, toka!"

Kisha akasubiri. Baba yake alimfundisha na kipimo cha kusubiri: muda wa mwanamke kuufunga mzigo wake wa kuni, kujitwika, na kutoka nao bila kukimbia. Kwa maana matete ya Kilombero si ya wanyama peke yao. Humo watu hukata fito, huchimba mizizi ya dawa, hutega perege kwenye madimbwi, hulala usingizi wa mchana. Na wale wenye mikuki huko ng'ambo hawakuusikia wito huo, kwa kuwa vichaka ni vikubwa na matete humeza sauti. Wao walisubiri njuga. Zikilia, walijua kwamba pori limeshaitwa na halina mtu.

Kazi hiyo ilikuwa na hasara yake, na kila mwita pori aliijua: sauti inayomtoa mtu humwamsha na nguruwe. Misako mingi ilirudi na mikuki mikavu. Dionisi akiwa kijana aliwahi kulalamika, na baba yake akamcheka.

"Nguruwe aliyekukimbia leo, kesho yuko shambani kwako," alisema mzee. "Una haraka gani naye?"

Basi Dionisi akaita pori miaka ishirini na miwili. Akamwoa Odilia, wakazaa watoto watano, wa kwanza akiwa Kassian. Kwa watu wa Lihami kumtaja Dionisi kulikuwa kutaja msako, na kila nyama ilipopasuliwa, mgongo ulikuwa wake.

Rafiki yake mkubwa, Fulgensi, alikuwa mkuki wa kwanza. Huyo alikuwa mfupi, mwenye kifua kama ngoma na ulimi usiopumzika. Mbwa wake alimwita Mtakoma, na kila alipopita mlangoni kwa Tekla, mjane waliyegombania mpaka wa shamba, alimwita mbwa huyo kwa nguvu hata kama mbwa yuko miguuni pake. Tekla alivumilia, halafu akanunua jogoo akamwita Hatukomi. Dionisi naye mbwa wake, jike jekundu lenye masikio yaliyosimama, alimpa jina la Hayawahusu. Hakukuwa na mbwa kama huyo kutoka Namawala mpaka Chita. Hivyo ndivyo alivyosema Dionisi, na aliyebisha aliambiwa jina la mbwa.

Sasa sikiliza lililotokea Agosti ya mwaka tisini na tatu.

Anold, mtoto wa dada yake, alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko Kidatu. Alikuja likizo na rafiki zake watatu, vijana wa mikoa ya mbali, wenye kofia na viatu vya raba, ambao kwa mwaka mzima walikuwa wamesikia habari za mjomba na mbwa wake. Jioni walipofika, Dionisi akanogewa. Aliwahadithia misako mpaka Odilia akamkanyaga mguu. Mwisho akasema neno ambalo mwita pori hasemi:

"Kesho, kabla jua halijafika utosini, mtakula nyama."

Asubuhi walikwenda kichaka cha kwanza. Akaita, akasubiri, akafungua, hakuna kitu. Wakaenda cha pili. Akaita, akasubiri, na wote wakaona mgongo wa nguruwe ukikata mbuga kwa mbali, mkia juu, kama anayewaaga. Mgeni mmoja akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka.

Kichaka cha tatu kilikuwa karibu na mto. Fulgensi na wenzake wakawachukua wageni wakazunguka. Dionisi akabaki peke yake na mbwa. Jua lilikuwa linapanda. Na hapo, hatua kama ishirini ndani ya matete, akamsikia nguruwe anakoroma, anafukua, ameshiba, hana habari. Hayawahusu akatetemeka kamba ikamkata Dionisi vidole.

Akafungua mdomo aite. Kisha akaufumba.

Akafungua kamba.

Njuga zikaingia ndani, zikalia, zikasogea, zikageuka mkono wa kushoto ambako hakukuwa na mkoromo wowote. Halafu akasikia mtu analia.

Alikuwa Nyamizi, mke wa Shilinde, mwaka haujatimia tangu aolewe. Jamaa ya akina Shilinde walikuwa wamefika bondeni miaka miwili nyuma na ng'ombe wao kutoka usukumani, na Shilinde mwenyewe siku hiyo alikuwa mbali, amewapeleka ng'ombe malishoni chini ya mto. Nyamizi alikuwa akikata matete ya kusukia kihenge cha mpunga. Dionisi alipofika, Hayawahusu alikuwa ameng'ang'ania mkono wake wa kushoto na mbwa wengine wamemzunguka. Aliwapiga kwa mpini wa mkuki, akawapiga kwa mateke, akavua shati akalichana akamfunga. Fulgensi alitokea upande wa pili akihema, akaona, na bila kuuliza akamchoma Hayawahusu mkuki. Ndivyo ilivyokuwa kanuni: mbwa aliyeonja damu ya mtu haishi.

Gari la watafiti wa mbu pale Namawala lilikuwa limeondoka tangu alfajiri. Wakambeba hadi kijijini, Dionisi akampakia Nyamizi kwenye baiskeli, akamfunga kiunoni kwake kwa khanga ya Odilia ili asianguke akizirai, akaendesha mpaka Ifakara, kilomita thelathini na kitu, mchanga na mashimo. Njia nzima yule binti hakulia tena. Alihesabu madaraja kwa sauti ndogo, kwa Kisukuma, na Dionisi hakuelewa ila alijua ni hesabu, naye akaipokea kama mtu anayeshikwa mkono.

Hospitalini mganga aliuliza, "Mbwa yuko wapi?"

"Ameshauawa."

Mganga akashika kichwa. "Nyie watu! Mbwa akimuuma mtu mfungeni. Tumtazame siku kumi tujue ana kichaa au hana. Mkimwua, atatwambia nani? Sasa huyu binti atachomwa sindano zote tano, na akikosa moja tusilaumiane."

Sindano tano kwa siku tano tofauti, ndani ya mwezi mmoja. Dionisi alimpeleka zote tano kwa baiskeli ile ile. Hata Shilinde aliporudi na kutaka kumpeleka mwenyewe, Dionisi alikataa: "Niachie, baba. Mimi ndiye nimeianza safari hii." Shilinde alimtazama sana, kisha akamwachia, akachinja mbuzi kumshukuru. Ile nyama ya mbuzi Dionisi alishindwa kuimeza.

Kwa sababu kati ya sindano ya kwanza na ya pili, mwenyekiti wa kijiji, Bwana Deogratias, alikuwa amemwita ofisini akamuuliza swali moja tu.

"Uliita?"

"Niliita."

Neno moja, likaandikwa.

Mkutano wa kijiji ulikaa, ukapiga marufuku msako wa mbwa katika ardhi yote ya Lihami. Serikali ilikuwa haijawakataza kumfukuza nguruwe mharibifu; marufuku hiyo walijitungia wenyewe, na hofu ilisaidia. Lakini hofu haikai. Mwaka ulipopita, watu wakaanza kunong'ona kwamba wameadhibiwa bure. Pori si liliitwa? Mwita pori si Dionisi, mwenye sauti ya kuamsha wafu? Basi aliyekosa ni yule mgeni, Msukuma asiyesikia la kuambiwa. Maneno hayo yalizunguka kisimani, kilabuni, mashineni, na kila yalipomfikia Dionisi aliinama akafunga kamba ya kiatu, hata siku alizovaa ndara.

Na Nyamizi? Kovu lake lilipona likawa kama kamba iliyolala mkononi. Kila Jumapili, baada ya misa, alifika kwa Dionisi na kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Shikamoo, baba. Nimekuletea kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Ungewapa watoto wako."

"Wameshakunywa. Haya ni ya baba aliyenibeba."

Odilia aliyapokea, akayanywa na watoto. Dionisi alikaa nje akichonga mpini. Alijua, na alijua kwamba Nyamizi anajua. Mtu aliyekuwa ndani ya matete hawezi kukosa kujua kama ameitwa au hakuitwa. Lakini miaka mitatu binti yule hakusema. Si kwa mume wake, si kwa Deogratias, wala kwa wanawake kisimani walipomwambia usoni kwamba amewakosesha watu nyama.

"Baba Kassian," Odilia alimwambia siku moja akisuuza kibuyu, "mtu anakushukuru, nawe unamkimbia kama mdai. Una nini?"

"Sina kitu."

"Haya. Hicho kitu ambacho huna, kitakuua."

Mwaka tisini na sita nguruwe walikula Lihami. Walikuja makundi kwa makundi, wakaingia mpunga ukiwa na maziwa, wakalala humo kama nyumbani. Madebe yalipigwa mpaka yakatoboka. Tekla alivuna gunia mbili mahali pa kumi na moja. Mavuno yalipokwisha, Deogratias aliitisha mkutano wa kijiji, na ajenda ilikuwa moja: marufuku ya msako wa mbwa ibaki, au iondolewe?

Walikaa ndani ya ghala la ushirika, ambalo mwaka ule lilikuwa tupu kiasi cha kutosha watu wote. Wanawake walikalia mikeka upande mmoja, wanaume mabenchi ya shule upande wa pili, na jamaa za Kisukuma walisimama karibu na mlango, Shilinde na fimbo yake, Nyamizi na mtoto mgongoni.

Fulgensi alisimama kwanza, na hakuna aliyeshangaa.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi sina maneno mengi."

"Leo!" Tekla akasema, ghala likacheka.

"Sina maneno mengi. Nguruwe anakula, sisi tunapiga madebe. Nguruwe wenyewe wameshazoea, sasa wanachezea. Rudisheni mbwa, mwezi mmoja tu, muone kama kutabaki hata unyayo. Nasi tutapata kitoweo. Kuna watoto hapa wana miaka mitatu, hawajui mgongo wa nguruwe una ladha gani!"

Vijana wakapiga makofi. Tekla akainuka akijifunga khanga vizuri.

"Mimi ndiye niliyeliwa kuliko wote humu, sivyo? Basi nisikilizeni. Mwaka ule wa tisini na mbili nguruwe alikula robo ya shamba langu. Nanyi mlipopita na msako wenu, watu kumi na wanne na mbwa ishirini, mlikanyaga nusu, na mgongo hamkuniletea. Nguruwe angalau haniamkii kwanza ndipo aniharibie."

"Mama Tekla, ule msako ulikuwa unamfukuza nguruwe aliyekuwa kwako!"

"Naye alikuwa mmoja!"

Kicheko kikapanda mpaka kwenye mabati. Deogratias akagonga meza. Maneno yakaendelea, wa huku akavuta, wa kule akavuta, mpaka Fulgensi akasimama tena, na safari hii hakuchekesha.

"Tusizunguke. Tulikatazwa kwa sababu mtu aliumwa. Pole yake, sote tulisikitika. Lakini pori liliitwa. Dionisi huyu hapa, aliita, na imeandikwa. Aliyeitwa akakaidi, kosa ni lake, si la mbwa wala letu. Kwa nini kijiji kizima kife njaa kwa ajili ya masikio ya mtu mmoja?"

 Shilinde akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Dionisi, kwenye benchi la tatu, aliinamia viatu vyake.

Kisha ikasikika sauti ya mwanamke kutoka mlangoni.

"Mwenyekiti, naomba kusema."

Nyamizi akaja mbele, mtoto amelala mgongoni. Kiswahili chake kilikuwa kimekomaa kwa miaka ile, lakini bado alikitamka polepole, kila neno akiliweka chini kama anayepanga mayai.

"Yule baba aliita," akasema. "Nilisikia. Mara tatu. Nilikuwa nafunga matete yangu, nikasema nimalizie. Kosa langu. Msifunge mbwa wa watu kwa ajili yangu."

Watu wakaguna. Fulgensi akafungua mikono kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu kingine cha kudai. Vijana wa nyuma walikuwa tayari wanataja vichaka watakavyoanza navyo, na mmoja akampiga Dionisi bega: "Mzee, tafuta kamba!"

Dionisi akainua kichwa, akamtazama Nyamizi, naye Nyamizi akamtazama akatabasamu kidogo, kama siku za Jumapili anapotoa kibuyu. Hapo akaelewa kwamba na hili nalo ni zawadi, kubwa kuliko zote. Yule binti amejivua jina lake mbele ya kijiji, akamvika yeye. Anachotakiwa ni kupokea tu. Pori litarudi, na mgongo, na watu watamwita tena kwa kazi yake. Mpaka atakapokufa hakuna atakayejua, ila watu wawili, na mmoja amekwisha kuapa kwa kinywa chake.

Akainuka.

"Mwanangu Nyamizi," akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake watu wa nyuma walimwomba apaze sauti. "Mwanangu Nyamizi, umesikiaje kitu ambacho hakikusemwa?"

"Baba, kaa," Nyamizi akanong'ona.

"Nimekaa miaka mitatu. Mwenyekiti, futa pale mlipoandika. Sikuita. Nilimsikia nguruwe yuko karibu, nikaona nikiita atakimbia, na nilikuwa nimewaahidi wageni. Basi nikafungua mbwa. Huyu alikuwa ndani akikata matete yake, hakuna aliyemwambia atoke. Nilipoulizwa nikasema niliita. Mkamsema yeye mbele yangu, nami nikanyamaza. Hayo ndiyo yangu."

 Odilia alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya khanga, lakini macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa kama ya mtu aliyeona homa ya mgonjwa wake imeshuka.

Fulgensi ndiye aliyepasuka. "Miaka mitatu, Dionisi! Mbwa niliyemuua kwa mkono wangu! Nimemtetea nani mimi? Nimesimama hapa, mbele ya mama huyu, nimemtukana masikio, kumbe..."  Akatoka nje.

 Kijana mmoja akajaribu: "Basi kosa ni la mtu, si la msako. Tuchague mwita pori mwingine, mbwa warudi."

"Tumuulize yeye," Tekla akasema. "Dionisi, wewe ndiye fundi. Ibaki au iondolewe?"

Hakutegemea kuulizwa. Alidhani ameshamaliza kuwa mtu wa kuulizwa.

"Baba yangu alinifundisha kuita nikiwa sijaufikia mkuki kwa urefu," akasema. "Nimeita miaka ishirini na miwili. Naipenda kazi hiyo. Hata sasa hivi, nikisikia njuga, nitasimama. Lakini siku moja tu, kwa kichaka kimoja, kwa kicheko cha kijana mmoja, niliufumba mdomo. Na zamani matete yalikuwa na watu wachache. Sasa wako huko kila siku: wa mpunga, wa ng'ombe, wa fito, wa perege. Kama mimi nilishindwa, nani kati yenu atasimama aniahidi kwamba hatashindwa?"

Akangoja. Hakuna aliyesimama.

"Basi mimi nasema ibaki."

Mikono ikainuliwa, ikahesabiwa mara mbili. Marufuku ikabaki. Haikubaki kwa wingi wa kujivunia, na vijana walitoka wakipiga mateke mlango wa ghala. Shilinde akasema kwamba kwao hufunga zizi kwa miiba, simba haingii, sembuse nguruwe. Nao wako tayari kusaidia kuzungushia mashamba ya karibu na mto. Tekla akauliza miiba hiyo itakatwa na nani, maana mikono ya Lihami imezoea kushika mpunga. Wakakubaliana wajaribu shamba moja kwanza, la Tekla, kwa kuwa ndilo lililoliwa zaidi na kwa kuwa ndiye aliyeuliza.

Nje, Nyamizi alikuwa anamngoja.

"Umenifanya mwongo mbele ya watu, baba," akasema, lakini alikuwa anacheka, na machozi yanashuka.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilikusamehe kwenye daraja la nne."

"La nne?"

"Siku ile ya kwanza. Nilikuwa nahesabu madaraja. Nikasema, huyu mtu akinifikisha la nne bila kunishusha, nitamsamehe. Ukapita la nne, ukaendelea. Nami nikaendelea kuhesabu tu, kwa sababu mkono ulikuwa unauma."

 Dionisi akashika ule mkono wenye kovu kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa juu yake, yeye mzee mbele ya binti, na hakuona aibu. "Asante," akasema. Ndilo neno pekee lililokuja, na aliliona dogo, akalirudia.

Kesho yake asubuhi walikuwa shambani kwa Tekla: Shilinde na kaka zake wawili, Nyamizi, Odilia, Tekla mwenyewe na mapanga ya kuazima. Dionisi alikata miiba kama mtu ambaye hajawahi. Kila tawi lilimchana, na Shilinde alimfundisha kulishika kwa mti wenye panda. Kwa miaka mingi hakuwahi kuamka na mwili mwepesi namna ile. Jua lilikuwa jua, mbuga ilikuwa mbuga, korongo walikuwa wakitembea majini kama mapadri, na yeye alikuwa anaviona.

Saa nne hivi, Fulgensi akapita njiani, Mtakoma nyuma yake. Hakusalimu. Akapita, akaenda hatua kama kumi, akasimama. Akautazama ule uzio kwa muda mrefu, mikono kiunoni.

"Nani amewaambia muanzie hapo?" akasema hatimaye, akimtazama Shilinde, si Dionisi.

"Hapa ndipo walipolala," Shilinde akajibu.

"Walipolala siyo walipoingia. Nguruwe anaingia kule, kwenye mkondo uliokauka, halafu anafuata kingo. Mtafunga miiba mwaka mzima, wao wanapita nyuma yenu wanawacheka." Akatema mate pembeni. "Hata huyo mnayemwita fundi amekaa kimya. Si anajua?"

"Najua," Dionisi akasema. "Nilidhani hamtataka kunisikiliza."

"Hatutaki. Sema tu."

Tekla akacheka mpaka akakaa chini. Dionisi akaonyesha kwa panga: mkondo, kingo, mti ulioanguka ambako nguruwe hujikuna kabla ya kushuka. Fulgensi akatikisa kichwa, akakosoa hapa, akaongeza pale, bado akikwepa kumtazama. Kisha akamfunga Mtakoma kwenye nguzo ya dungu kwa mafundo mawili, akayavuta kujaribu, akaja akanyoosha mkono.

"Lete panga," akasema.

Dionisi akampa.